Rubani Anayegeuza Ndege Asilaumiwe

Asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022, ndege ya shirika la Precision Air, aina ya ATR 42, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam na watu 43 ndani yake, ilianguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba ambako ilikuwa ikijiandaa kutua. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Watu 19 walifariki dunia, wakiwamo marubani wote wawili. Watu 24 walinusurika, na waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao.

Hatukusudii kulifungua upya faili la ajali ile, wala hatutawahukumu marubani ambao hawapo tena kujieleza. Uchunguzi wa ajali una wataalamu wake. Hata hivyo liko jambo moja ambalo wananchi wa kanda hii ya Ziwa wana haki ya kulijadili, kwa sababu ndio wanaopanda ndege hizo na ndio wanaozika. Jambo lenyewe ni hili: ndani ya kile chumba kidogo kilicho mbele ya ndege, ambamo abiria haoni wala hasikii, nani anayeweza kusema “tusitue”, na akisema, je, husikilizwa?

Katika ndege za abiria za namna hii wamo marubani wawili. Mmoja hushika usukani. Mwenzake huangalia vipimo, huzungumza na waongozaji wa ndege walio ardhini, na humtajia mwenziwe kimo, kasi, na kila kitu kinachoanza kwenda mrama. Watu wengi huidhani kazi hii ya pili kuwa ni ya mwanafunzi anayesubiri zamu yake. La hasha. Rubani mkuu na rubani msaidizi hupokezana usukani safari kwa safari, na yule asiyeushika ndiye mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuona makosa, kwa kuwa mikono yake imo huru na akili yake haijazama katika kupambana na upepo. Rubani mkuu ndiye mwenye amri ya mwisho, hilo halibishaniwi. Lakini amri ya mwisho si sawa na neno la pekee.

Ndege inayokaribia kutua hushuka kwa kiasi cha futi 600 hadi 700 kila dakika. Kutoka kimo cha futi 500 mpaka kugusa ardhi hazibaki hata sekunde 60. Kwa sababu hiyo mashirika mengi duniani yameweka kitu kama lango la angani. Ndege ikifika futi 1,000 juu ya uwanja ikiwa mawinguni, au futi 500 ikiwa anga ni nyeupe, sharti iwe imekwisha tulia: kasi yake iwe inayotakiwa, magurudumu yawe chini, iwe imenyooka na njia ya kutulia, na isiwe inashuka mbio kupita kiasi. Likikosekana sharti lolote kati ya hayo, rubani haruhusiwi kusema “nitarekebisha huko mbele”. Hana budi kughairi kutua, apae tena, kisha azunguke ajaribu upya au aende uwanja mwingine.

Hiyo ndiyo kanuni. Utekelezaji wake ni habari nyingine. Shirika la Flight Safety Foundation la Marekani, ambalo kazi yake ni usalama wa safari za anga, lilipolitazama suala hili lilikuta kwamba katika kila ndege 100 zilizofika langoni zikiwa hazijatulia, kiasi cha 97 ziliendelea kutua hivyo hivyo. Nyingi zilitua salama, na hapo ndipo penye sumu, kwa maana kila salama ya namna hiyo humfundisha rubani kwamba kanuni imewekwa kwa ajili ya waoga. Akifanya hivyo mara kumi na asidhurike, mara ya kumi na moja haioni tena kuwa ni kosa.

Afrika Mashariki haina sababu ya kulitafuta somo hili ng'ambo. Usiku wa manane wa Oktoba 17, 1988, Boeing 707 ya Shirika la Ndege la Uganda, iliyokuwa ikitoka London kwenda Entebbe kwa kupitia Roma, ilijaribu kutua katika uwanja wa Fiumicino huku ukungu umetanda. Ilijaribu mara mbili ikashindwa, na mara zote mbili marubani wakafanya lililo sawa, wakapaa. Mara ya tatu ikaanguka kabla ya kuifikia njia. Kati ya watu 52 waliokuwamo, 33 walipoteza maisha. Wachunguzi walieleza kwamba marubani hawakujiandaa vya kutosha kwa utuaji ule, ambao haukuwa na mtambo wa kuwaonyesha mteremko wa kufuata. Kwamba hawakupangana vyema katika kutajiana kimo. Na kwamba waliendelea kushuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila kuwa wameiona alama yoyote ya uwanja.

Tuutafakari kidogo usiku ule. Watu wamechoka. Wamekwisha ghairi mara mbili, na nyuma yao wamo abiria wanaotaka kufika. Kila jaribio lililoshindikana huliongezea uzito jaribio linalofuata, kama mtu aliyekwisha lipa nusu ya mahari anavyoona haya kuvunja posa. Kilichotakiwa kilikuwa ni sauti moja tu, iwe ya nani, iseme: tumefika kimo cha mwisho, uwanja hatuuoni, tupae.

Mfano mwingine ni wa jirani zetu wa Kenya, ingawa wenyewe ulitokea wakati wa kuruka na si wa kutua. Mei 5, 2007, Boeing 737 ya Kenya Airways iliruka usiku kutoka Douala, Kameruni, katika hali mbaya ya hewa, ikaanguka baada ya muda mfupi na kuua watu wote 114. Kinasa sauti na vipimo vilionyesha kwamba mtambo wa kujiongoza haukuwa umefungwa ingawa rubani mkuu aliamini kuwa umefungwa, na ndege ikawa inalala upande mmoja pasipo mtu kuishughulikia mpaka ikawa mno. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52. Msaidizi wake miaka 23. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2010 ilitaja upungufu wa ushirikiano kati yao. Miaka 29 ilikuwa kati yao. Baba na mwana katika chumba kimoja, na sote tunajua mwana hulelewa vipi katika nchi zetu.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo mambo yanapotuhusu sisi wenyewe na si marubani peke yao. Lugha yetu ya Kiswahili ni lugha ya heshima. Mdogo hamwambii mkubwa “umekosea”. Humwambia: “Samahani, Mzee, mimi naona kama vile, sijui wewe mwenyewe waonaje, lakini nadhani huenda tumeshuka kidogo.” Sentensi hiyo, ikisemwa kwa adabu inayostahili, huchukua sekunde nane. Katika sekunde nane ndege iliyo katika mwendo wa kutua imekwisha shuka futi 80 hadi 90. Na mbaya zaidi ni kwamba sentensi yote haikutamka hatari ni nini wala haikuomba kitu chochote kifanyike. Mkubwa aliyeelemewa na kazi huisikia kama mazungumzo, naye akaitikia “ehe”, akaendelea kushuka.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kasoro ya Waafrika, au ya watu wa Mashariki, na kwamba Wazungu wameepukana nayo. Si kweli hata kidogo. Desemba 28, 1978, ndege ya United Airlines aina ya DC-8, ikiwa na watu 189, ilizunguka karibu na mji wa Portland huko Marekani kwa muda wa kama saa nzima huku rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Mafuta yakawa yanakwisha. Wasaidizi wake waliyataja mafuta hayo, lakini waliyataja kwa namna ya kudokeza, si kwa namna ya kumzuia. Injini zikazimika kwa kukosa mafuta, ndege ikaanguka ndani ya eneo la mji, na watu 10 wakafa. Kutokana na ajali hiyo ndipo Wamarekani walipoanza kuwafundisha marubani wakuu namna ya kusikiliza na wasaidizi namna ya kusema. Na miaka minne kabla yake, mwaka 1974, ndege ya Eastern Airlines ilianguka katika ukungu ilipokuwa ikikaribia kutua Charlotte, ikaua watu zaidi ya 70; marubani wake walikuwa wakizungumza siasa na bei za magari yaliyotumika. Kwa ajili ya ajali za namna hiyo, mwaka 1981 Marekani iliweka sheria kwamba chini ya futi 10,000 hakuna maongezi yasiyohusu kazi.

Basi dawa iko wapi? Sisi tunaona kwamba mafundisho ya namna hii hayapaswi kuwa mageni kwetu. Waislamu miongoni mwa wasomaji wetu wanajua kwamba imamu akikosea katika sala, maamuma hanyamazi. Mwanamume husema “Subhanallah”, mwanamke hupiga kofi, na imamu hulitambua kosa lake akarudi. Hakuna maamuma anayeanza kwa kuomba radhi. Hakuna imamu anayemgeukia mtu baada ya sala na kumwuliza sababu ya kumvunjia heshima mbele ya watu. Neno limekwisha pangwa tangu zamani, kila mmoja anaijua maana yake, na mtoto aliye safu ya nyuma ana ruhusa ya kulitamka sawa na mzee aliye safu ya kwanza. Uimamu haupungui kwa hilo.

Marubani nao wamepangiwa maneno yao. Msaidizi hufundishwa kupanda ngazi: kwanza huuliza, kisha hutahadharisha kwa kuitaja hatari yenyewe, kisha husema wazi nini kifanyike, na mwisho hushika usukani. Katika mashirika mengi, neno la kupaa tena likitamkwa na yeyote kati ya wale wawili hutekelezwa kwanza, na maswali huulizwa baadaye ndege ikiwa juu salama. Kadhalika iko kanuni kwamba rubani anayeongoza akiitwa mara mbili asijibu, mwenzake huichukua ndege, kwani huenda huyo wa kwanza amezimia au amepotewa na fahamu za mwelekeo. Maneno hayo ni mafupi, hayana “samahani” ndani yake, na hayakusudii kumdharau mtu.

Lakini maneno yaliyoandikwa kitabuni hayatoshi. Wazee wetu katika siasa walilijua hilo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi majivuno na dharau kwa wale wanaowaongoza, na kila aliyepita katika matawi anajua kwamba yapo matawi ambako Mwongozo huo ulining'inizwa ukutani huku mjumbe aliyenyoosha kidole akiandikwa jina. Rubani msaidizi ambaye tathmini yake ya mwaka huandikwa na rubani mkuu yule yule aliyemkosoa jana, na ambaye ana deni la masomo ya urubani shingoni, atakuwa na sababu zote za dunia za kuinamisha macho kwenye vipimo vyake. Kwa hiyo tusiwalaumu vijana kwa ukimya kabla hatujauliza ukimya huo unalipwa kiasi gani, na unalipwa na nani.

Tena lawama nyingine ni yetu sisi abiria. Ndege ikishindwa kutua Bukoba kwa mvua na ikaelekezwa Mwanza, hakuna anayeshuka ngazi akampa mkono rubani. Kinachosikika ni manung'uniko: harusi imepita, mkutano umepita, mzigo umeharibika, shirika hili halifai. Mkubwa fulani hupiga simu juu zaidi. Meneja hupiga hesabu ya mafuta, ya hoteli na ya ndege iliyochelewa kurudi Dar es Salaam, na siku ya pili huuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kwa nini ndege ya shirika jingine iliweza kutua. Swali hilo la upole hukaa ndani ya chumba cha marubani katika safari inayofuata. Halionekani katika kisanduku cheusi, lakini limo.

Na Bukoba si mahali pa kuchezea. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, hewa hukutana katikati na kupanda, na hapo huzaliwa mawingu ya ngurumo ambayo aghalabu husukumwa kuelekea ufuko wa magharibi. Ndiyo maana wakazi wa Kagera hupata mvua kubwa asubuhi, wakati ule ule ambao ndege za alfajiri kutoka Dar es Salaam zinawasili. Wavuvi wa Ukerewe wanaijua tabia hiyo bila ya chombo chochote. Akiona weupe wa mvua unakuja juu ya maji, mvuvi huupisha. Uwanja wenyewe ni mfupi, uko ukingoni mwa maji, na rubani anayekwenda kutua hapo hutegemea mno macho yake. Habari za kujenga uwanja mkubwa zaidi huko Omukajunguti zimezungumzwa kwa miaka mingi. Pahali ambapo vifaa ni haba, busara ya watu wawili ndiyo kifaa kilichobaki, na rubani mkuu asiyemsikiliza mwenzake amekitupa hicho nacho.

Msomaji wa Nansio anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini, ilhali yeye huvuka kwa meli na kivuko. Yanamhusu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, siku ya mnada, na kilikuwa kimebakiza mita chache tu kuifikia gati ya Bwisya kisiwani Ukara. Kiliundwa kuchukua abiria 101. Waliokufa ni 228. Rais wa wakati huo, John Magufuli, aliliambia taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Hicho nacho kilikuwa chombo kinachokaribia kutua, na wengi waliokuwamo walikuwa wakiuona uzito wa watu na magunia kwa macho yao tangu Bugolora. Hatuamini kwamba hapakuwa na baharia, karani au abiria mmoja aliyesema moyoni mwake kuwa leo tumezidi. Tunachojiuliza ni kwamba, kama angesema kwa sauti, nani angesimamisha kivuko? Angeambiwa ashuke yeye.

Kwa hiyo tunayo machache ya kudai, na tunayadai kwa heshima. Mamlaka ya Usafiri wa Anga iyatake mashirika yote yanayotua Bukoba, Mwanza na viwanja vingine vya kanda hii kueleza hadharani, kila mwaka, ni mara ngapi ndege zao zilifika langoni zikiwa hazijatulia, na kati ya hizo ni ngapi zilipaa tena. Takwimu hizo zimo katika vinasa-vipimo vya ndege. Kinachokosekana ni mtu wa kuziuliza. Shirika litakaloonyesha kwamba marubani wake hawajaghairi hata mara moja katika mwaka mzima wa mvua za Ziwa lisipewe zawadi, bali lifanyiwe ukaguzi. Rubani msaidizi anayetamka neno la kupaa alindwe kwa maandishi, na asikabidhiwe kwa tathmini mikononi mwa yule yule aliyemkatiza. Na mafunzo ya namna hii yasiishie kwa marubani. Manahodha, mabaharia na makarani wa vivuko vyetu wapewe nao neno lao moja fupi la kusimamisha safari, lijulikane mpaka kwa abiria.

Liko na suala la gharama, ambalo wengi hawapendi kulitaja. Ndege iliyogeuzwa ikatua Mwanza huwaacha abiria wa Bukoba uwanjani na mizigo yao, na mara nyingi hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mashirika yatenge mapema fungu la malazi na la usafiri wa kuwafikisha watu hao Bukoba kwa basi au kwa meli, nauli iwe juu ya shirika, na rubani ajue kabla hajaruka kutoka Dar es Salaam kwamba fungu hilo lipo na kwamba hakuna atakayemwuliza kwa nini limetumika.